Sauti Inayosengenya, na Namna ya Kuikuza kwa Kiasi

Jioni moja ya mwezi wa Shaabani, feni zikizunguka darini na madirisha yakiwa wazi kwa sababu ya joto, nilitia kaseti ya zamani ya taarabu katika deki niliyorithi kwa marehemu baba, nikaiunganisha deki ile na amplifaya kubwa niliyoinunua kwa kikundi kimoja cha muziki wa harusini kilichokuwa kikibadilisha vyombo vyake, nikazungusha kifundo cha sauti mpaka kikagota mwisho. Na kilichotoka katika zile spika mbili, zilizosimama kama makabati, kilikuwa sauti ya watu walio chumba cha tatu. Mama yangu mkubwa, ambaye kaseti ile niliitia kwa ajili yake, alisikiliza kitambo, akainamisha kichwa upande wa spika, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, hawa wanaimba au wanasengenya?"

Swali lile lilinichekesha, kisha likanitia kazini, na tangu hapo nimekutana na watu wengi wenye shida ya namna ile: mmoja ana simu aliyoiunganisha na redio ya babu yake, mwingine ana televisheni ambayo sauti yake haiwafikii wageni walioketi barazani, mwingine ana kinanda cha santuri kinacholia kama mbu nje ya chandarua. Nawaandikia hao, maana dawa ya maradhi haya ni ndogo kuliko wanavyodhani, na kwa udogo wake ndiyo aghalabu hukosewa: ama mtu huinunua kubwa kupita haja, ama huitia mahali pasipo pake, ama humnywesha mgonjwa kabla ya kuthibitisha kwamba anaumwa maradhi hayo.

Chombo chochote cha kuchezea muziki, kiwe deki, simu au redio, hutoa umeme mdogo unaopanda na kushuka kwa kufuata sauti, na umeme huo, ambao hapa nitauita ishara, hupimwa kwa volti kama umeme mwingine wowote. Nyuma ya amplifaya yangu, chini ya vumbi la miaka, paliandikwa kwa herufi ndogo kwamba hutoa nguvu zake zote, wati 200 kwa kila upande, ipatapo ishara ya volti 1.23 katika tundu lake. Kipimo hicho hakikuandikwa kwa sadfa. Ndicho kiwango cha vyombo vya kazi, vya studio na vya jukwaani, ilhali vyombo vya nyumbani hutengenezwa kwa kiwango kingine cha volti 0.316 hivi, yaani kama robo tu ya kile cha kwanza. Baba aliinunua deki yake kwa ajili ya sebule, na kikundi kiliinunua amplifaya yake kwa ajili ya uwanja. Nami nilizioza bila kuuliza kabila. Ilikuwa kama kumpelekea kopo la maji mtu aliyezoea kuoga kwa ndoo: maji ni safi, lakini hayamfiki mgongoni.

Wenye elimu hii huhesabu nyongeza ya ishara kwa desibeli, kipimo kilichozaliwa katika kazi za simu huko Marekani katika miaka ya 1920 na kupewa jina la Alexander Graham Bell. Msomaji asikiogope, yamtosha kukumbuka mambo machache. Ukizidisha volti mara mbili, umeongeza desibeli 6. Ukizidisha mara nne, umeongeza 12. Ukizidisha mara kumi, umeongeza 20. Wati nazo hazipandi sawa na volti bali hupanda kwa mraba wake, ndiyo kusema kwamba ishara iliyozidishwa mara mbili huitoa amplifaya wati mara nne. Na sikio la mwanadamu, ambalo Mola amelijalia uvumilivu wa ajabu, halikiri kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili mpaka iongezwe desibeli 10 hivi. Kwa hiyo mtu wa hesabu angeniambia kwamba nahitaji desibeli 12, ili robo iwe kamili. Lakini mimi sikuwa na haja ya wati 200 sebuleni. Nilikuwa na haja ya kumsikilizisha mama mkubwa feni zikizunguka, na baina ya haja ile na wati 200 kuna tofauti kama ya kuwasha jiko na kuchoma msitu.

Walakini kabla ya kuongeza chochote, hakikisha kwamba kilichopo kinafika. Fundi mmoja, ambaye sitamtaja, alikuja nyumbani, akagonga spika kwa kidole, akatikisa kichwa na kuniambia, "Ndugu yangu, spika zako zimechoka," akaniandikia bei ya spika mpya kwenye kipande cha boksi. Bei ile ilinipa hekima ya kungoja. Siku ya pili nilifungua mlango wa deki, nikachovya kijiti cha pamba katika spiriti safi ya duka la dawa (si ile ya rangi ya zambarau ya kuwashia majiko), nikasugua uso wa hedi, ndiyo ile sehemu ya chuma inayong'aa ambayo utepe wa kaseti hupita juu yake. Na pamba ikatoka na rangi ya kahawia iliyokolea kama iliyopanguswa ugoro. Nilibadilisha vijiti vitano mpaka cha sita kikatoka cheupe. Hedi iliyojaa unga wa utepe haizibi sauti yote sawasawa, bali hula kwanza zile sauti nyembamba za juu, milio ya kanuni na ya fidla, ikaacha ngoma na besi, na msikilizaji hudhani kwamba sauti ni ndogo kumbe ni hafifu. Kigurudumu cha mpira kinachovuta utepe nacho kioshwe, lakini kwa maji na sabuni kidogo, maana spiriti hukausha mpira ukapasuka.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine ambaye watu wa bara hawamjui vizuri, nayo ni hewa ya chumvi. Nilipochomoa pini za waya wa sauti nyuma ya amplifaya, niliziona zimeota ukungu wa kijani kama senti za zamani, na upande wa kushoto ulikuwa mbaya zaidi kuliko wa kulia. Pini ya namna hiyo huisugua kwa kitambaa kikavu kikali, kisha huichomeka na kuizungusha mara kumi ndani ya tundu lake ili chuma kikutane na chuma. Kifundo cha sauti kinachokwaruza nacho huponeka kwa kukizungusha mwanzo hadi mwisho mara nyingi chombo kikiwa kimezimwa, na kikikaidi, kwa tone la dawa ya kusafishia mitambo ya umeme. Na ikiwa chanzo chako ni simu, tazama kwanza kama sauti ya simu yenyewe imepandishwa hadi juu. Naona haya kuandika hivyo, lakini nimeshaitwa na jamaa kwa ajili ya kosa hilo zaidi ya mara moja, na mara nyingine simu ilikuwa imepandishwa ila kipokezi kidogo cha bluetooth kilicho katikati kilikuwa na kifundo chake mwenyewe, nacho kimelala chini.

Yote hayo yakiisha, pima. Mita ya umeme ya bei ya chini kabisa haifai kwa kazi hii, kwa sababu kipimo chake cha umeme wa kupanda na kushuka huanzia volti 200, nayo haiwezi kuona kitu kidogo kama ishara ya deki. Tafuta au azima ile yenye kipimo cha milivolti kwa umeme wa namna hiyo. Nilichagua kipande kimoja cha kaseti, mahali ambapo kikundi kizima hupiga pamoja, nikakirudia mara kwa mara huku ncha za mita zikiwa katika pini. Kabla ya usafi nilikuwa nimeona milivolti 60 upande wa kushoto na 100 upande wa kulia, nambari zikichezacheza. Baada ya usafi pande zote mbili zilisimama karibu na 110. Basi spiriti ya shilingi chache ilinipa upande wa kushoto desibeli 5, bila ya kifaa chochote, na spika zikapona uchovu wao. Lakini milivolti 110 katika amplifaya yangu ni wati moja na nusu hivi. Hizo hutosha usiku wa manane mji ukiwa umelala. Jioni, feni na bodaboda zikiwa na usemi wao, hazitoshi. Hapo ndipo nilipokuwa na haki ya kusema kwamba ishara ni haba, na kwamba nikiizidisha mara mbili nitapata wati sita, nazo ni nyingi kwa chumba cha watu wanane.

Njia za kuizidisha ni kadha wa kadha. Kwa mwenye muziki wake ndani ya kompyuta, njia iliyo fupi ni kuikuza rekodi yenyewe. Programu ya Audacity, ambayo hupatikana bure, humwonyesha mtu kilele cha rekodi yake kiko chini ya dari kwa desibeli ngapi, na humkubalia kuipandisha mpaka hapo. Lakini dari ya kompyuta si ya makuti. Ishara inayoigusa hukatwa kichwa papo hapo, na kilichokatwa hakirudi. Rekodi ambayo tayari imefika juu, kama zilivyo nyimbo nyingi za siku hizi, haina pa kupandia.

Njia ya pili ni mixa ndogo. Mwenye mixa ya njia nne aliyoinunua kwa ajili ya maulidi au mikutano, naye ameiweka chini ya kitanda, hana haja ya kutafuta zaidi. Aitoe, aingize deki katika tundu la ishara ya kawaida, si lile la maikrofoni, maana tundu la maikrofoni huikuza ishara mno, na katika mixa nyingi hupeleka volti 48 nje kwa ajili ya maikrofoni za kapasita, jambo ambalo deki haikuliomba. Kisha afungue kifundo cha geini polepole mpaka taa nyekundu iwake mara moja moja katika vilele, arudi nyuma kidogo, aache hapo. Mixa hutoa ishara ya kiwango cha vyombo vya kazi, kile kile ambacho amplifaya ya jukwaani hukitarajia. Kuna pia visanduku vidogo vya kukuzia sauti ya vipokea sauti vya masikioni, ambavyo hufanya kazi hii vizuri maadamu umeme wake ni safi. Chaja duni ya simu, ikitumika kuviendesha, huingiza mluzi mwembamba ambao utadhani ni kunguru amekwama kwenye bomba.

Mimi nilichagua njia ya tatu, nayo ni kutengeneza, si kwa sababu ni bora bali kwa sababu napenda harufu ya ulimbo wa lehemu. Vifaa vyake vyote hutoshea katika kiganja. Kuna aisii iitwayo TL072, inayopatikana katika maduka mengi ya vipuri vya redio, yenye miguu minane na vikuza viwili kamili ndani ya tumbo moja, kimoja cha kulia na kimoja cha kushoto. Ukiiweka chale yake juu, mguu wa 1 ni wa kushoto juu. Hesabu hushuka upande wa kushoto hadi 4, kisha hupanda upande wa kulia kutoka 5 hadi 8. Ishara ya upande mmoja huingia mguu wa 3, na baina ya mguu huo na ardhi ya ishara hutiwa rezista ya kiloomu 100, ambayo mistari yake ni kahawia, nyeusi na njano. Baina ya mguu wa 1, unakotokea ishara iliyokuzwa, na mguu wa 2 hutiwa rezista ya kiloomu 10, kahawia, nyeusi na rangi ya chungwa. Na rezista ya pili kama hiyo hutoka mguu wa 2 kwenda ardhini. Upande wa pili hufanywa vivyo hivyo: ishara huingia mguu wa 5, mguu wa 6 ukiwa badala ya wa 2, na mguu wa 7 badala ya wa 1.

Siri ya ukuzaji wote imo katika zile rezista mbili za kiloomu 10. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, ongeza moja, na jibu ndilo litakuwa mzidisho: 10 kwa 10 ni moja, ongeza moja ni mbili, nazo ni desibeli 6. Mwenye kutaka kidogo zaidi aiweke ya kwanza kiloomu 22, atapata mara tatu na ushei, desibeli 10. Mwenye kutaka kidogo kuliko hivyo aiweke 4.7, atapata desibeli 3 na kitu. Nawasihi waanzao waanze na mbili. Nimeona watu wakitia rezista za kuzidisha mara hamsini "ili iwe na akiba", kisha wakashangaa kwamba kifundo cha sauti kikiguswa tu nyumba inaruka, na kwamba sauti inapasuka hata ikiwa ndogo, kwa kuwa ilikwisha kupasuka ndani ya kisanduku kabla ya kufika kwenye kifundo.

Umeme wa kisanduku changu ni betri mbili za volti 9. Chanya ya betri ya kwanza huenda mguu wa 8. Hasi ya betri ya pili huenda mguu wa 4. Hasi ya kwanza na chanya ya pili huunganishwa pamoja, na kiungo hicho ndicho ardhi ya ishara. Swichi lazima iwe ya kukata njia mbili kwa pamoja, maana ukikata betri moja ukaiacha nyingine, aisii husimama kwa mguu mmoja na kuipigia amplifaya kelele. Karibu kabisa na miguu ya 8 na 4 tia kapasita ndogo za nanofaradi 100, kila mmoja na ardhi, na katika njia ya kutokea tia rezista ya oomu 100 ikifuatiwa na kapasita ya mikrofaradi 10 isiyochagua chanya na hasi, ili umeme wa betri usipate njia ya kwenda kwenye amplifaya. Aisii hii hutumia miliampea tatu hivi, na kwa betri nzuri za alkali hupata zaidi ya saa mia moja. Washa kisanduku kwanza, amplifaya baadaye. Wakati wa kuzima, geuza utaratibu huo, ama sivyo spika zitapigwa konde ambalo halikuwa na lazima.

Kisanduku chenyewe nilikifanya kwa kopo la kahawa. Watu hucheka wakiliona, lakini bati la kopo, likiunganishwa na ardhi ya ishara kwa waya mmoja, huzuia mvumo wa nyaya za umeme usiingie, kazi ambayo kisanduku cha plastiki cha bei mara tano hakiiwezi. Wakati wa kulehemu, joto liende kwenye mguu wa kifaa na lehemu iende kwenye joto. Anayeyeyusha lehemu juu ya ncha ya chuma kisha akaipaka kama siagi hupata viungo vya kijivu vinavyokatika kwa kikohozi. Na aisii isilehemiwe moja kwa moja, bali iwekwe kitako chake cha miguu minane, ili ikiungua itolewe kwa kucha.

Jioni niliyolijaribu kopo lile nilimwita mama mkubwa tena. Alisikiliza ubeti mzima, akaridhika na waimbaji, kisha akaangalia dirishani na kuuliza: "Na mvua hii inanyesha wapi?"

Hakukuwa na mvua. Alichosikia ni mchakacho wa utepe wenyewe, ambao siku zote ulikuwamo lakini ulikuwa ukinong'ona pamoja na waimbaji, nami nilipowazidisha waimbaji mara mbili niliuzidisha nao mara mbili. Kikuza hakijui sauti ipi ni ya mwimbaji na ipi ni ya uchakavu. Hukuza kila kinacholetwa mlangoni. Kelele zilizozaliwa kabla ya kikuza hupanda pamoja na muziki, na kwa hizo hakuna faida wala hasara. Kelele zinazozaliwa baada yake, katika waya mrefu au katika amplifaya yenyewe, hubaki pale pale ilhali muziki umepanda juu yake. Kwa sababu hiyo kopo liwekwe karibu na deki, waya mfupi ukitoka deki kuingia kopo, na waya mrefu ukitoka kopo kuvuka sebule. Mimi mwanzoni nilikuwa nimeliweka juu ya amplifaya, kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi, na mita sita za waya zilikuwa zikiokota mvumo wa nyumba nzima na kuuleta ukuzwe. Nilipolihamisha, sehemu ya ile mvua ikakatika. Iliyobaki ni ya kaseti, na mama mkubwa ameizoea.

Katika mvumo uko mmoja ambao lazima niuseme kwa sauti kubwa, kwa sababu dawa yake ya mtaani yaweza kuua. Umeme wetu huku hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, na vyombo viwili vilivyounganishwa kwa waya wa sauti, kila kimoja kikiwa na waya wake wa ardhi ukutani, hufanya pete ambayo ndani yake umeme huo huzunguka na kukoroma katika spika. Wapo wanaokata pini ya tatu ya plagi, ile ndefu ya ardhi, na mkoromo hunyamaza kweli. Lakini pini ile imewekwa ili siku waya wa ndani utakapogusa bati la chombo, umeme uende ardhini badala ya kwenda kwa mtoto atakayeligusa. Usiikate. Chomeka vyombo vyote katika kiunganishi kimoja cha ukutani, na mkoromo usipopona, nunua transfoma ndogo ya kutenganisha ishara, itiwayo katika waya wa sauti, ambayo hupitisha muziki kwa usumaku bila ya chuma kugusana na chuma. Kopo linaloendeshwa kwa betri halina waya wa ukutani, nalo halikuzidishii pete hiyo.

Limebaki jambo la santuri, ambalo watu wengi hulichanganya na haya. Sindano ya kinanda cha santuri, ile ya sumaku ambayo ndiyo ya kawaida, hutoa milivolti 5 hivi, nayo huhitaji kukuzwa kama mara mia, desibeli 40, kabla ya kulingana na deki. Mtu aweza kudhani kwamba kopo langu likitiwa rezista kubwa litatosha. Halitoshi, na sababu si ukubwa wa sauti. Wanaochonga santuri hupunguza kwa makusudi sauti nzito, ili mfereji usiwe mpana ukala nafasi yote, na huzidisha sauti nyembamba, ili zishinde mchakacho; na tangu 1954 wenye viwanda wamefuata mchoro mmoja wa kupunguza na kuzidisha huko, uitwao RIAA. Kikuza cha santuri hugeuza mchoro huo kichwa chini: katika hezi 20 hupandisha kama desibeli 20, na katika hezi elfu 20 hushusha kama hizo. Santuri iliyokuzwa bila ya kugeuzwa huko hulia kama redio ya bati, haina ngoma. Na simu iliyochomekwa kwa makosa katika tundu lenye maandishi PHONO hunguruma na kupasuka, kwa kuwa imekuzwa mara mia na kuongezewa besi isiyokuwa yake. Kwa santuri, basi, nunua kikuza cha santuri, au tumia tundu la PHONO kama amplifaya yako inalo.

Na mwenye bahati ya kuwa na santuri za zamani zaidi, zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika, kama zile alizorekodi Siti binti Saad alipokwenda Bombay katika 1928, ajue kwamba hizo zilichongwa kabla ya mchoro wa 1954, kila kampuni ikifuata rai yake, na kwamba sindano ya santuri za plastiki ni nyembamba mno kwake: mfereji wa 78 wataka ncha ya mikromita 75 hivi, na iliyo nyembamba kuliko hapo huburura sakafuni mwa mfereji, mahali ambapo takataka za miaka tisini zimekaa. Watu huiona sauti ndogo yenye kukwaruza, wakakimbilia kuikuza. Waibadilishe sindano kwanza, waioshe santuri kwa maji safi yenye sabuni kidogo sana bila ya spiriti hata tone, kwa kuwa spiriti huyeyusha gundi ya wadudu iliyomo ndani ya santuri hizo, waikaushe kwa kitambaa laini kwa kufuata mizunguko yake, ndipo wafungue mita.

Kopo langu lina miaka minne sasa. Ndani ya kifuniko chake nimebandika karatasi yenye mchoro wa miguu minane na tarehe za kubadilisha betri, kwa ajili ya atakayelifungua baada yangu bila ya kujua liliko kichwa wala miguu. Betri zikikaribia kwisha halizimiki ghafla: vilele vya wimbo huanza kukwaruza, kwanza penye fidla zote pamoja, kisha penye mwimbaji, na hapo huwa zimebaki siku mbili tatu.